Fundo la Sufu Kwenye Uzi wa Kijani

Sehemu ya kumi na mbili

Mpo mliopiga simu hapa gazetini kunisema. Mmoja alisema sina utu, namwacha mwanamke shimoni siku saba nzima, kapiga magoti, boksi mkononi, mimi nakwenda zangu kulala. Sawa, nimesikia. Haya, tushuke.

Mama Uzi alikuwa bado ndani ya chemba, lile shimo la zege kando ya barabara ambamo kebo za faiba zikitoka ardhini hukutana na kuungwa. Boksi la maungio lilikuwa wazi mapajani mwake. Ndani mlikuwa na nyuzi kumi na mbili za kioo, nyembamba kama unywele, kila moja na rangi yake. Na kwenye uzi wa tatu, ule wa kijani, mtu alikuwa amefunga fundo la uzi wa njano.

Hilo fundo ndilo lililomkata pumzi.

Kwa mgeni wa hadithi hii, nieleze upesi, maana wenzako wananisubiri. Mume wa Mama Uzi alikuwa fundi wa kuunga faiba, wakimwita Taratibu. Alizaliwa na macho yasiyotofautisha kijani na kahawia. Kwa mimi na wewe ni jambo dogo, utavaa soksi mbili tofauti, watacheka, yameisha. Kwa fundi wa faiba ni kufukuzwa kazi. Kwa hiyo mkewe, fundi kama yeye, alishuka naye kila chemba, akamtengea nyuzi, na ule wa kijani akaufunga kiuzi ili mumewe asikosee. Siri hiyo waliijua watu wawili tu duniani.

Mmoja alisombwa na maji mtaroni miaka mitatu iliyopita, mvua ilipobomoa kingo. Zikapatikana kofia yake na buti moja. Tulilia na mkewe hapa hapa, sehemu ya tatu, msijifanye mmesahau.

Wa pili ndiye huyu aliyepiga magoti, na fundo hili hakulifunga yeye. Kila fundi akimaliza kuunga huandika tarehe kwenye plasta nyeupe, akaibandika ndani ya boksi kabla hajalifunga. Tarehe ya boksi hili ilikuwa ya mwezi uliopita.

"Mama Uzi," sauti iliita kutoka juu. "Umelala humo?"

Alikuwa Msimamizi, mtu mnene mwenye kofia ngumu isiyomkaa kichwani, aliyehamia kazi hii mwaka jana tu. Hakuwahi kumwona Taratibu hata kwa picha.

"Nipo."

"Umeona tatizo? Kliniki wamenipigia tena. Wanasema mtandao wao unatambaa."

Tatizo alikuwa ameliona. Lilikuwa fundo lenyewe. Lilikuwa limekazwa.

Mama Uzi miaka yote alifunga fundo legelege, linalozunguka kwenye uzi bila kuugusa vizuri. Kioo hakibanwi. Kikibanwa, mwanga unavuja pale pale, na mtu wa mwisho wa njia anabaki analaumu kampuni. Taratibu alilijua hilo kama alivyolijua jina lake. Asingekaza.

Basi amefunga mtu mwingine. Mtu anayekaa pembeni yake, anayemtengea, anayejua siri, na ambaye bado anajifunza.

Wako wanawake wanaogundua kwa nywele kwenye shati. Wako wanaogundua kwa harufu ya marashi. Huyu wangu amegundulia kwenye kioo chembamba kama unywele, futi tano chini ya ardhi.

"Uzi wa kijani umebanwa," alisema. "Naulegeza."

"Umebanwa na nini?"

"Uchafu."

Alikata kile kiuzi kwa mkasi mdogo, akakificha kiganjani. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza saa, "Boksi hili aliunga nani?"

"Si sisi. Wale wa ng'ambo ya mto, waliopewa kuchimba njia mpaka hapa. Wana fundi wao mmoja, mkimya huyo, hata salamu unamlazimisha. Lakini mkono wake, we acha tu. Anaunga polepole utadhani anatia mtu dawa jichoni." Msimamizi alicheka. "Ila ana kituko. Haendi chemba bila mkewe. Mke anakaa naye chini ya mwavuli kutwa. Wenzake wanamtania kwamba anaogopa kuibiwa."

Mama Uzi alishika ukingo wa chemba.

"Kesho utamsikia mwenyewe. Saa nne asubuhi wao watakuwa chemba ya mwisho na sisi hapa, tupime njia nzima. Kule bondeni simu za mkononi hazishiki, mtaongea kwa simu ya faiba, sauti inapita kwenye uzi wenyewe, wewe na yeye. Mwulize na hiyo siri ya mwavuli."

Alasiri ile hakupitia sokoni wala kwa jirani. Alikwenda moja kwa moja nyumbani, na buti zake za udongo, kitu ambacho hajawahi kufanya.

Mama mkwe wake alikuwa amekaa mlangoni pale penye mwanga, anafuma sweta la mjukuu. Wanaishi pamoja tangu msiba, mama aliyefiwa na mwana na mke aliyefiwa na mume, wamebaki wanaleana na kumlea binti wa marehemu. Majirani husema hawajawahi kuona mtu na mkwewe wanapendana vile.

Mama Uzi alivuta kigoda, akakaa mbele yake, akafungua kiganja.

"Mama, huu uzi unaujua?"

Sindano za kufumia zikasimama.

"Uzi ni uzi, mwanangu. Umejaa madukani."

"Huu ni wa sufu. Mtu ameuchambua akachukua unyuzi mmoja. Na njano hii uliitafuta mji mzima, ulipoipata ukaimaliza dukani. Iko hapo mapajani mwako."

Jikoni birika lilikuwa linachemka. Hakuna aliyenyanyuka.

"Tangu lini?" Mama Uzi aliuliza.

Mama mkwe alitazama sweta kana kwamba jibu limefumwa humo. "Mwezi wa tatu baada ya msiba. Alikuja mchana, wewe uko kazini. Nilidhani mzimu, nikammwagia chai ya moto. Akaungua, ndipo nikajua ni mzima. Anaishi ng'ambo, kwa jina jingine. Akanishika miguu, akaniapisha."

"Ukaapa."

"Ni mwanangu. Nimemzaa."

"Na mimi ni nani wako?"

Mngekuwa ninyi mngejibu nini?

"Mwezi wa tatu," Mama Uzi alisema, "mimi nilikuwa nalala na koti lake. Wewe ndiye uliyekuwa unanifunika nalo. Na kila mwaka siku ile ikifika tunakaa hapa, mimi na wewe, tunalia. Ulikuwa unalia nini, Mama?"

"Nilikuwa nalia kweli. Yeye nilijua yupo. Nilikuwa nakulilia wewe."

Msomaji wangu, kuna maumivu mtu anaweza kuyasimulia na mengine unayaacha tu yapite. Hayo niyaache yapite.

Lakini lipo swali moja ambalo Mama Uzi amelibeba miaka mitatu, na leo lilimpanda mpaka kooni. Asubuhi ya siku ile ya mafuriko waligombana. Ugomvi wenyewe wa kijinga, ufunguo umepotea, kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyeushika wa mwisho. Mama Uzi akakasirika, akagoma kwenda naye kazini. Na mumewe alipofika mlangoni, begi begani, akamtupia neno.

"Nenda peke yako tuone. Bila macho yangu wewe si fundi. Wewe ni mtu aliyebeba begi la fundi."

Taratibu alifunga mlango polepole, kama alivyofanya kila kitu. Saa nane mchana maji yakamchukua. Tangu siku hiyo Mama Uzi hajawahi kumwambia mtu lile neno, hata waliokuja kuhani msiba walipomwuliza mara ya mwisho mlisema nini.

Sasa aliuliza. "Aliondoka kwa sababu yangu? Kwa lile neno?"

Mama mkwe mwenye huruma angedanganya. Huyu alikuwa amedanganya miaka mitatu, amechoka.

"Alisema maji yalimpitisha chini ya barabara, yakamtupa upande wa pili, mzima. Akakaa kwenye majani akasikia watu wanamwita. Wewe ulikuwa unaita kuliko wote. Alitaka kuitika, mwanangu. Alifungua mdomo. Halafu akakumbuka kwamba kesho asubuhi atashuka na wewe tena chemba, umtengee tena, na safari hii mkiwa wote mnajua unavyomwona." Bibi alikunja sweta. "Akaniambia, Mama, mbele yake mimi ni kipofu. Kwa wengine wote ni fundi."

Mama Uzi alikwenda jikoni akaliepua birika. Alisimama nalo mkononi muda mrefu, hakulitua wala hakumimina.

Binti alirudi kutoka shule. Ana miaka saba. Akalivaa sweta hapo hapo juu ya sare, likiwa bado na sindano, akanyoosha mikono ili apimwe.

"Bibi, mkono huu umeishia kwenye kiwiko."

"Uzi umepungua, mjukuu wangu."

"Umekwenda wapi?"

Wanawake wawili walitazamana. Mama Uzi ndiye aliyejibu. "Bibi aligawia mtu aliyekuwa anauhitaji. Vua usije ukachomwa na sindano."

Saa nne asubuhi, siku ya pili, alikuwa ndani ya chemba, kifaa cha kusikilizia masikioni. Juu, Msimamizi ameshika karatasi za vipimo na chai kwenye kifuniko cha chupa. Simu ya faiba waliiweka kwenye uzi wa kahawia, ili ule wa kijani ubaki wa kupimwa.

Maneno alikuwa ameyapanga. Kwanza angemwita kwa jina lake la nyumbani. Halafu angemtukana, tusi ambalo amelichagua vizuri. Halafu angeomba msamaha. Kuhusu mpangilio wa haya mawili ya mwisho alikuwa bado hajaamua.

Akabonyeza. "Haloo, chemba ya mwisho."

"Haloo, dada," ilijibu sauti ya mwanamke. "Fundi ananawa mikono, amejaa ile jeli ya kwenye kebo. Mimi ni mkewe. Subiri kidogo tu, anakuja."

Sauti nzuri, ya upole, ya mtu ambaye hujamkosea na hajakukosea. Mama Uzi alikuwa amejiandaa kuchukia, akakosa pa kushika.

"Hakuna haraka," alisema.

"Samahani kwa ule uzi wa kijani. Tumeambiwa jana. Usimlaumu yeye, kosa ni langu. Mimi ndiye ninaye..." Akajikata. "Ninayempangia vifaa."

"Unayemtengea."

"Dada, umejuaje?"

"Nililiona fundo."

"Tafadhali," mwanamke alishusha sauti. "Watamfukuza. Kazi hii ndiyo inayomweka hai, ungemwona akiwa hana. Tafadhali sana."

"Sitamwambia mtu."

"Mungu akubariki. Mimi bado najifunza. Alinionyesha yeye, na yeye alionyeshwa na marehemu mkewe."

Mama Uzi alitazama ukuta wa zege. Palikuwa na konokono mdogo anapanda.

"Marehemu," alisema.

"Miaka mitatu sasa. Mafuriko, maskini. Mume alikuwa amenasa mtaroni, mke akashuka kumtafuta huku anamwita. Mume akatoka upande wa pili, mke maji yakamchukua. Fikiria. Hapendi kumtaja. Lakini akinionyesha lile fundo anageuza uso, na mimi siulizi. Najua pale alipo siwezi kushindana naye."

Hapa mimi mwenyewe niliweka kalamu chini nikatoka nje kidogo. Miaka mitatu ng'ambo ya mto Mama Uzi ni marehemu, tena marehemu mzuri, aliyekufa akimwita mumewe. Na upande huu Taratibu ni marehemu, ana picha ukutani. Wote wawili wanapumua, na katikati yao kuna mwanamke asiye na hatia anayejaribu kufunga fundo.

"Vipi?" Msimamizi aliinama juu ya shimo. "Kijani inasomaje?"

Mama Uzi alitazama mashine. "Bado hafifu. Na upande wao pia umebanwa."

"Waambie basi."

Neno moja lingetosha. Angesema tu, mimi ndiye huyo marehemu, na nyumba ya watu ingeporomoka huko chini ya mwavuli. Alilishika neno hilo mdomoni. Nadhani hata wewe ungelishika.

"Dada, upo?" mwanamke aliuliza.

"Nipo. Nisikilize. Fungua boksi lenu. Fundo lako lishike kwa kucha mbili, usilivute. Lisukume nyuma kidogo. Sasa liache lizunguke lenyewe, kama pete ya mtu aliyekonda."

"Hivi?"

"Sikuoni. Lakini bado."

"Na sasa?"

Namba kwenye mashine zilitulia, zikapanda, zikakaa pale zinapotakiwa. Mwanga ulikuwa umetoka kwenye chemba hii, umepita chini ya barabara, chini ya mto, chini ya kila kitu, umefika kwao bila kupungua.

"Sasa," Mama Uzi alisema. "Siku zote funga hivyo. Usikaze. Ukiona unaogopa litafunguka, ndiyo umefunga sawasawa."

"Umenielewesha kuliko yeye. Wewe ulijifunzia wapi?"

Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye trei ya nyuzi. Sauti aliishika isitetemeke, sijui aliwezaje. "Kwa mume wangu."

"Ana bahati huyo. Huyu hapa na wangu amefika. Fundi, vaa hiki, kuna dada hapa mwema sana, tumeshamaliza ile kijani bila wewe." Kicheko kidogo, kitambaa kinasugua kipaza sauti. Halafu pumzi.

Aliijua. Miaka kumi amelala pembeni ya pumzi ile, ndefu, inayosita kidogo juu kabla haijashuka.

"Haloo," Taratibu alisema. "Nani mwenzangu?"

Mpango wote ukampotea. Jina la nyumbani likampotea, na lile tusi alilolichagua. Kilichobaki ni kile kimoja tu.

"Lile neno nililokwambia mlangoni," alisema, polepole ili asikosee hata silabi. "Halikuwa kweli. Hata bila macho yangu wewe ni fundi. Nilikuwa na hasira ya ufunguo. Niliupata jioni ile ile, ulikuwa mfukoni mwangu."

Pumzi ilisita juu. Ikakaa huko. Haikushuka.

Kwa mbali, chini ya mwavuli, sauti ya mwanamke iliuliza, "Anasemaje?"

Na Taratibu akamjibu mkewe, kwa utulivu ule ule alioondoka nao nyumbani.

"Hakuna mtu. Njia imekatika."

Lakini kifaa hakukivua. Mama Uzi alikuwa bado anamsikia, anapumua, hasemi, hakati. Juu yake Msimamizi alikuwa anauliza kama waandike kwamba kazi imekamilika. Mbele yake uzi wa kahawia, uliobeba pumzi ile, ulikuwa umelala kwenye trei, na mkasi mdogo ulikuwa tayari mkononi mwake.